Muulize Fundi: Kutu imeingia ndani ya rivolva ya marehemu baba mkwe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wenu niko Houston huku Texas. Baba mkwe wangu alifariki na mama akampa mume wangu rivolva ya mzee, Smith & Wesson ya zamani sana, mtutu wa inchi nne, umeandikwa 38 S. & W. Special, namba yake chini ya mpini inaanza na herufi V na kuna pete ya chuma hapo hapo chini kama ya kufungia kamba. Makaratasi ya mirathi yako sawa. Shida ni kwamba ilikaa gerejini miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi, nje ina madoa ya kutu lakini sio mabaya sana, ila ukivuta triga inakwama kwama na nyundo inarudi kwa uvivu. Mume wangu amepuliza WD-40 ya kutosha kupitia kwenye uwazi wa nyundo ikatoka maji ya kahawia kama chai. Jirani anasema tuloweke vyote kwenye siki usiku mzima. Tufanyeje? Hatutaki kuiuza, tunataka watoto waje waione ni ya babu yao.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijasema lolote, siki hapana, mwambie jirani asante lakini hapana, nitaeleza chini kwa nini.

Mlichonacho hapo ni ile inayoitwa Victory Model, V ni ya Victory yaani ushindi, zilitengenezwa kuanzia 1942 mpaka vita vya pili vinaisha 1945, na hiyo ya inchi nne ya .38 Special ndio ile iliyokwenda kwa jeshi la majini la Marekani na walinzi wa viwanda na bandari, wakati zile za Waingereza na wenzao zilikuwa na mtutu wa inchi tano na zinakula risasi nyingine fupi. Kwa hiyo mzee au aliyempa mzee huenda alipita nayo mahali. Ndio maana nasisitiza msiikimbilie na asidi wala msasa, mnachotaka hapo ni kuisimamisha kutu isiendelee kula, sio kuifanya ing'ae kama imetoka kiwandani leo. Chuma kilichoshaliwa hakirudi, na kila ukisugua kupata mng'ao unaondoa chuma kizima pamoja na kutu.

La kwanza kabisa, na msinichoke, hakikisheni haina risasi. Fungua silinda, angalia tundu zote sita kwa macho na kwa kidole, alafu angalia tena, risasi zote zitoke kwenye chumba mnachofanyia kazi zikakae chumba kingine. Silaha ya marehemu iliyokaa miaka haijulikani ilihifadhiwaje. Kama silinda imekwama haifunguki, hapo hapo acheni, msilazimishe, pelekeni kwa fundi bunduki mwenye leseni, na kwanza mpigieni simu muulize aipokee vipi ikiwa hamjui ndani kuna nini.

Sasa hiyo WD-40. Wengi wanaiona kama mafuta, lakini ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, hata jina lenyewe ni hilo, kufukuza maji, jaribio la 40. Kufukuza maji inafukuza vizuri, mume wako hakukosea kuipuliza, na hayo maji ya kahawia ni kutu laini imetoka na uchafu. Shida ni kuiacha humo ikauke, inabaki utando unaonata, na vumbi la kutu linashika kwenye huo utando linakuwa kama unga wa kusagia katikati ya vipande vinavyosuguana. Kwa hiyo msiendelee kuvuta triga kujaribu jaribu, kila mkivuta mnasaga.

Kama hamtaki kuifungua kabisa, toeni mbao za mpini (kuna skrubu moja, legeza, gonga kichwa cha skrubu taratibu ubao wa upande wa pili utoke, msiingize bisibisi pembeni kubanjua mtachubua mbao), kisha loweka bastola yote kwenye mafuta ya taa masafi siku moja au mbili kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya nyumba, mbali na moto. Toa, tikisa, mwaga, rudia mpaka yanatoka meupe, halafu acha ichuruzike vizuri na weka mafuta mepesi. Hiyo ni safi ya nusu nusu lakini kwa bastola ya kutazama tu inaweza kutosha. Kwa hiyo yenu mimi ningeifungua, tena nina sababu moja kubwa.

Ndani ya kifuniko cha ubavuni, upande wa kulia, kuna kipande chembamba cha chuma kinachokaa mbele ya nyundo kuizuia isifike kwenye risasi mpaka mtu avute triga kwa makusudi. Kwenye V za kawaida kipande hicho ni kama springi nyembamba iliyoshikizwa kwenye kifuniko chenyewe, kinasukumwa pembeni nyundo ikipanda na kinatakiwa kirudi chenyewe. Mwishoni mwa 1944 baharia wa Marekani alikufa melini baada ya bastola kama hiyo kuanguka kwenye sakafu ya chuma ikafyatuka, kile kipande hakikuwa mahali pake, na grisi iliyoganda ndio ilitajwa kuwa chanzo. Kiwanda kikabuni kizuizi kingine kinachosukumwa kwa nguvu ya triga yenyewe wala hakitegemei springi, na bastola zilizofungwa hicho kipya zikaanza kuandikwa SV badala ya V. Yenu ni V. Kama grisi tu iliweza kukizuia, fikiria kutu ya gereji ya Houston. Nimeshaona mwenyewe kifuniko cha aina hiyo kikitoka na hicho kipande kimelala kimeshikana na kifuniko kwa kutu, kama kimegundishwa, na mwenye nayo alikuwa anaiweka kabatini na risasi sita ndani.

Kufungua sasa. Skrubu za bastola hii ni tano, nne za kifuniko na ya tano iko mbele ya lile duara la chuma linalozunguka triga. Zinafanana lakini sio sawa, kila moja ina tundu lake, kwa hiyo chukua karatasi uchore umbo la bastola na uchomeke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Bisibisi za nyumbani zenye ncha iliyochongoka kama kabari zitaharibu vichwa, nunueni seti ya mafundi bunduki ambayo ncha yake ina kuta zilizonyooka inajaa kwenye mfereji wa skrubu. Zikigoma weka tone la mafuta ya kupenyeza kama Kroil, subiri kesho, na kesho ikigoma subiri kesho kutwa.

Skrubu ya mbele ya kifuniko ndio imeshika mkono wa silinda, ikitoka hiyo unafungua silinda na kuivuta kwa mbele inatoka nzima. Kisha legeza ile skrubu iliyoko mbele ya mpini inayobana springi kubwa bapa, springi ikilegea inanasuka. Ndipo mtoe skrubu zilizobaki za kifuniko, na hapa ndio watu wanaharibu: kifuniko hakibanjuliwi. Hata kikigoma vipi usiingize kitu kwenye mstari wake, ukikibanjua kinapinda na hakitakaa sawa tena maisha. Shika bastola kwa mtutu, kifuniko kiangalie juu, gonga fremu ya mpini kwa mpini wa bisibisi wa mbao au plastiki, tuk tuk tuk, mtetemo wenyewe utakinyanyua, kwa kutu kama ya kwenu inaweza kuchukua muda na mafuta mara kadhaa.

Mkishafungua pigeni picha kwa simu kabla hamjagusa chochote, karibu na mbali. Mtaona vumbi jekundu, mtaona grisi ya zamani rangi ya asali iliyoganda kwenye kona, na mtaona kutu nyeusi iliyoshika sehemu ambazo vipande vinagusana. Nyundo inatoka ikivutwa nyuma kidogo, kile kitufe cha kufungulia silinda nacho kikiwa nyuma. Ila kile kipande cha mraba nyuma ya triga, kinachoirudisha, kina springi kali ndani yake inaruka hatari, kwa hiyo kifunike kwa kitambaa unapokinyanyua na vaa miwani ya kukinga macho. Kama huna uhakika na hicho kipande kiache hapo hapo, kisafishwe kikiwa ndani, hakuna aibu.

Kutu yenyewe sasa. Osha kila kitu kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka grisi yote iishe, bila hivo hutajua kutu iko wapi. Sehemu zenye kutu nyepesi sugua kwa sufi ya chuma ile laini kabisa namba 0000 ikiwa imelowa mafuta, sio ile stilwaya ya kusugulia sufuria, hiyo itachora chora. Mafuta mepesi yoyote ya silaha yanafaa, hata Ballistol ile ya Wajerumani iliyoanza 1904 mpaka leo iko madukani. Kwa vipele vya kutu vilivyosimama tumieni shaba, shaba ni laini kuliko chuma kwa hiyo inang'oa kutu inaacha chuma. Huko kwenu Marekani kuna njia rahisi sana, senti moja ya kabla ya 1982, zile ni shaba asilimia 95, unaweka mafuta unakwangua kwa ukingo wake taratibu unaona kutu inanyanyuka kama magamba. Kwenye kona tumieni kijiti cha kuchokolea meno.

Kama nyundo na triga vimeshika kutu nyekundu sehemu kubwa, kuna njia ya mafundi wa zamani ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haiondoi chuma: kuchemsha. Kipande kikishaoshwa mafuta yote, kabisa kabisa, kifunge kwa waya kichemke dakika ishirini mpaka thelathini kwenye maji yaliyokenekwa, yale ya galoni wanayouza ya kuweka kwenye pasi ya mvuke, maji ya bomba yana chumvi na chokaa yataacha madoa. Sufuria iwe ya kazi hiyo tu isirudi jikoni, bastola za zamani zina masalia ya madini ya risasi ambayo ni sumu. Ile kutu nyekundu inageuka nyeusi kwa macho yako ukiangalia, ni oksidi ya chuma ile ile lakini imekuwa aina nyingine ambayo haiendelei kula, na hata ile rangi ya bluu-nyeusi unayoiona kwenye bunduki nyingi ni ndugu yake huyo huyo. Ukikitoa kinakauka chenyewe kwa joto lake, hapo unapitisha sufi ya 0000 kavu kutoa unga mweusi uliolegea, unarudia kama bado kuna wekundu, mwisho mafuta kikiwa bado cha moto. Kipande kinabaki na rangi ya umri wake na hakichafui kidole tena.

Kuna sehemu msiguse na chochote kikali. Nyundo na triga vimetiwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu, ndani ni chuma laini zaidi, ukipiga msasa au tupa unatoboa hiyo ngozi, na ile pembe ndogo ambapo triga inaishika nyundo ikishaguswa kidogo tu bastola inaweza kuachia yenyewe ikitikiswa. Vile vigingi viwili vya duara kwenye fremu ambavyo nyundo na triga vinazungukia navyo ni kitambaa chenye mafuta tu na subira. Springi zikiwa na vishimo vya kutu msizisafishe, nunueni mpya, bei yake ndogo na springi yenye kishimo huwa inakatikia hapo hapo kwenye kishimo.

Kile kizuizi kwenye kifuniko kisafisheni mpaka kicheze huru, kisukume kwa kijiti uone kinarudi chenyewe haraka. Kisiporudi, bastola hiyo ni ya kutazama tu mpaka fundi aione. Na hata kikirudi, kwa V ya umri huo mimi ningesema asiwepo mtu wa kubeba na risasi sita, nyundo ilale kwenye tundu tupu. Wala isipigwe kabla fundi bunduki hajakagua mtutu na silinda, na hata akiipitisha msitumie zile risasi zenye nguvu zilizoandikwa +P, bastola hizi sio za hizo.

Mkirudisha, tone moja la mafuta kwenye kila kigingi na utando mwembamba kwingine, basi. Mafuta mengi yanakusanya vumbi. Mafuta ya cherehani yanafaa, ya kupikia yasisogee kabisa hata kama mtu anasema bibi yake alitumia, yanaganda yanakuwa gundi. Na ule mfuko wa ngozi tenganisheni na bastola kuanzia leo, ngozi inashika unyevu na ina chumvi za kiwandani, nusu ya kutu yenu imetoka humo. Houston unyevu ni mwingi, kwa hiyo kabati la chuma lenye kufuli, vifuko vya silika jeli ndani, na kile kipimo kidogo cha unyevu kisomeke chini ya asilimia 50. Watoto waione wakiwa na nyie, ufunguo ukae kwenu.

SWALI: Fundi mimi nimechelewa kukusoma, niko Minneapolis, nimeloweka nyundo, triga na springi za Colt ya zamani kwenye siki usiku kucha, kutu imetoka yote lakini vyuma vimekuwa kijivu havina rangi na kesho yake vimeanza kutu tena! Kwa nini?

JIBU: Pole ndugu. Siki ni asidi, haichagui, inakula kutu, inakula rangi, kisha inakula chuma kidogo pia, na chuma kilichochubuliwa na asidi kiko uchi kinashika unyevu wa hewani ndani ya masaa. Sasa hivi fanya hivi: changanya magadi ya kuokea mikate kwenye maji ya uvuguvugu, weka vipande dakika kumi kuua asidi iliyobaki kwenye vishimo, suuza kwa maji yanayochemka, kausha haraka, mafuta papo hapo. Vikitoka kutu nyepesi tena vichemshe kama nilivoeleza hapo juu, utapata weusi fulani ambao utasaidia.

Zile rangi za mawingu mawingu kwenye nyundo kama zilikuwepo haziwezi kurudi kwa njia ya nyumbani, hiyo ni kazi ya tanuru na mkaa wa mifupa, na usimruhusu mtu akupashie moto kwa gesi ati akurudishie rangi, atakuondolea ugumu wa chuma. Springi tupa zote. Asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu kinakuwa rahisi kuvunjika bila dalili yoyote nje, springi inaonekana nzima alafu siku moja inakatika. Na wale mnaoniuliza kuhusu betri na maji ya magadi ya kufulia, ile ya kutoa kutu kwa umeme, jibu langu kwa springi na kwa sehemu zenye rangi ni hilo hilo.

SWALI: Asalaam aleikum mzee wangu. Mimi niko Tanga. Baba yetu amefariki na kwenye sanduku lake tumekuta bastola ya kuzungusha imeota kutu yote, ilikuwa na leseni zamani, kitabu tumekiona. Kaka yangu anataka kuisafisha kwanza ndio tuipeleke polisi isionekane mbaya, kuna fundi wa baiskeli hapa mtaani anasema anaweza. Unashauri nini?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nawatakia mema: msiisafishe, msiifungue, na huyo fundi wa baiskeli asiione kabisa. Leseni ni ya mtu sio ya familia, haihami kwa mirathi kama shamba au nyumba. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kukaa na silaha bila kibali chako mwenyewe ni kosa hata kama ni ya baba na hata kama haifanyi kazi, na kazi ya kutengeneza silaha nayo ina leseni yake. Huyo fundi mtamtia matatani na nyie wenyewe.

Polisi hawaangalii uzuri wake, wanaangalia namba ilingane na kitabu. Mkianza kusugua kwa msasa hiyo namba inaweza kufutika, na bastola yenye namba iliyofutika ni kesi nyingine kubwa zaidi. Na kutu ikishakaza silinda hamjui kama ndani kuna risasi.

Iacheni humo humo sandukuni, fungeni, watoto wasiingie chumba hicho. Msiibebe kwenye bodaboda wala daladala. Mmoja wenu aende kituo cha polisi leo, mikono mitupu, na kitabu cha leseni pamoja na cheti cha kifo kama kimeshatoka, mwende na msimamizi wa mirathi au mwenyekiti wa mtaa, mwaeleze mlivyoikuta na waombeni waje wenyewe kuichukua. Wakishaichukua ombeni karatasi ya mapokezi yenye namba ya silaha, iwekeni na faili la mirathi. Kama kuna mmoja kati yenu anataka kuimiliki kihalali baadaye aombe kwa jina lake kupitia hao hao polisi, akipata ndipo aniandikie tena kuhusu kutu.